Bi Kwa-Hiyo na Tuta la Roodeveen

Wasikilizaji wapendwa, Marrigje Stolwijk amekufa. Amekufa Jumapili asubuhi, nyumbani kwake, kwa saratani ya kongosho. Mazishi ni kesho Ijumaa, saa nne asubuhi, katika kanisa dogo la Roodeveen. Nimeanza na hayo kwa sababu nimeamriwa nianze na hayo.

Nawaambia ukweli, nilikuwa nimeandika vingine. Nilikuwa nimeandika kwamba mpendwa wetu ametutoka, ametangulia mbele ya haki. Nikampigia simu mdogo wake, Bwana Teunis, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, nimsomee. Akaniacha nimalize aya nzima. Halafu akasema, "Krijn, umesema ametutoka. Watu watauliza ameenda wapi. Sema amekufa, sema mazishi ni lini, ndipo uanze hadithi zako."

Nikafuta. Sasa hadithi zangu zinaanza.

Marrigje alikuwa mhandisi wa ofisi ya maji. Kazi yake ilikuwa kuandika ripoti za matuta yanayozuia maji ya mifereji yasituingilie majumbani. Ndiyo, ripoti. Najua kuna mmoja wenu huko jikoni ameshanyoosha mkono abadilishe stesheni. Ngoja kwanza, ndugu yangu. Jaza kahawa yako. Kama unaishi nyuma ya tuta, na sisi sote hapa tunaishi nyuma ya tuta, basi mama huyu alikuwa akiandika habari zako.

Alizaliwa Roodeveen, katika shamba lile lile ambalo Teunis analo hadi leo. Maji ya mfereji yako juu kuliko dirisha lao la jikoni. Mama yao, marehemu Bi Neeltje, hakuwa na subira. Barua ya serikali ikija, alimpa Marrigje aisome kwa sauti huku yeye anamenya viazi. Teunis anakumbuka vizuri. "Kabla dada hajafika mstari wa tatu, mama anauliza, 'Kwa hiyo?' Dada akisema bado hajafika, mama anamwambia, 'Basi ruka.' Tumekua hivyo. Nyumbani kwetu maneno yalimenywa pamoja na viazi."

Marrigje alisomea uhandisi, akaajiriwa ofisi ya maji akiwa bado msichana. Kiangazi chake cha kwanza kazini kilikuwa cha ukame. Nanyi mnajua ukame unafanya nini hapa kwetu. Matuta yetu ni ya udongo mweusi, ule wa mimea iliyooza. Ukiwa na maji ni mzito, unatulia. Ukikauka unakuwa mwepesi kama mkate uliosahaulika kabatini. Na maji ya mfereji hayachoki kusukuma.

Alipima tuta la Roodeveen, upande wa mashariki. Akarudi ofisini, akaandika sentensi moja ya mwanzo: "Tuta hili limekauka na litateleza."

Rasimu ikawekwa mezani. Mnaijua meza hiyo. Kila mtu kahawa yake na biskuti yake moja, kopo la biskuti linafungwa, kila mtu anatoa maoni yake, na hakuna anayeinuka mpaka wote wakubaliane. Ni desturi nzuri. Nchi hii ilitolewa majini ikakaushwa kwa desturi hiyo. Lakini siku ile mtaalamu wa udongo aliona neno "litateleza" ni kali, akaweka "huenda." Mwanasheria akaongeza "chini ya hali fulani." Mtu wa mipango akaona si vizuri kutaja tuta peke yake, akaandika "baadhi ya sehemu." Mkuu wa kitengo akamalizia na "tunashauri lizingatiwe." Wote wakakubaliana. Wakashukuriana. Wapishi wengi huharibu mchuzi, na mchuzi ule ulitumwa kwa posta kwa kila nyumba ya upande wa mashariki.

Hakuna aliyesema uongo, wasikilizaji wapendwa. Kila mtu aliweka neno lake moja dogo tu.

Tuta liliteleza asubuhi moja, wakati watu wanakunywa chai. Lilisogea zima zima, likaacha mlango, na mfereji ukaingia. Hakufa mtu. Lakini nyumba ya mwisho, ya mjane aliyeitwa Bi Geertje, maji yalifika kwenye vitasa vya kabati. Alitolewa dirishani, amekumbatia saa ya ukutani ya marehemu mumewe. Hakurudi kuishi pale tena.

Marrigje alikwenda na mabuti ya mpira, maji yalipopungua. Alimkuta Bi Geertje jikoni, anatafuta vijiko kwenye matope. Hili alimsimulia binti yake, Fenna, mara nyingi, na Fenna ameniruhusu niliseme. Bi Geertje alikuwa na ile barua, imelowa, ameitandaza juu ya jiko ikauke. Hakumkaripia. Alimuuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza mwalimu. "Binti yangu, mimi niliisoma. Niliisoma mara mbili, na miwani nilivaa. Ilikuwa inasemaje?"

Fenna anasema, "Mama aliweza kuzungumza juu ya kifo chake bila kutetemeka. Lakini akifika hapo kwa Bi Geertje, ilibidi ainuke akaoshe kikombe ambacho ni kisafi."

Basi kuanzia hapo ofisi ya maji ilipata tabu. Nasema tabu kwa mapenzi. Ripoti yoyote iliyopita mikononi mwake ilirudi kwa mwandishi ikiwa na maneno mawili juu kabisa, kwa kalamu ya kijani: "Kwa hiyo?" Ukarekebisha, ukapeleka tena, ikarudi: "Kwa hiyo?" Vijana waliotoka chuo kikuu na ripoti nene kama matofali walitoka chumbani kwake na ukurasa mmoja, macho mekundu. Wakampachika jina, Bi Kwa-Hiyo. Alilijua. Siku ya kuzaliwa kwake walimwandikia "Kwa hiyo?" juu ya keki, akaila kuanzia kwenye alama ya kuuliza.

Nimezungumza na Bwana Lubbert Reinders, aliyekuwa mkuu wake kwa miaka mingi. Ni mzee sasa, mpole, mtu wa kutafuta maelewano hata na paka. Aliniambia, "Alinitesa yule mama. Mimi naandika, 'Imebainika kuwa kuna haja ya kufanyika kwa ukaguzi.' Yeye ananiuliza, 'Lubbert, nani amebaini? Nani akague? Lini?' Namwambia, 'Marrig, ndivyo ripoti zinavyoandikwa.' Ananijibu, 'Ndivyo zinavyofichwa.'"

Na kabla ripoti haijatoka, alikuwa na jambo lake moja. Alimpigia simu Teunis zizini. Teunis anakamua, mashine zinanguruma, simu ameibana begani, na dada yake anamsomea ukurasa wa kwanza. Teunis akielewa, alisema "Ehe." Asipoelewa, alisema kama mama yao. "Kwa hiyo?" Na Marrigje alikata simu akaanza upya. Dada na mdogo wake, miaka na miaka, ng'ombe wakiwa mashahidi.

Sasa nifike kwenye kiangazi kile kingine. Wengi wenu mnakikumbuka. Nyasi zilikuwa njano mpaka milangoni, na mifereji ilinuka. Wapimaji wakaleta habari: tuta la Roodeveen lina ufa, safari hii upande wa magharibi. Nyuma ya upande wa magharibi kuna mtaa mzima, na shule, na shamba la nani? La Teunis Stolwijk.

Lakini wapimaji hawakuwa na uhakika. Ufa ulionekana juu, hakuna aliyejua umeshuka mpaka wapi. Meza ikaitishwa. Kahawa. Biskuti moja moja. Bwana Lubbert anakumbuka maneno yote.

Alianza yeye. "Marrig, hatuwezi kuwaambia watu wahame. Hatujui."

"Basi tuandike hatujui," Marrigje akasema. "Tuandike tusichokijua ni nini. Na tuandike mtu afanye nini wakati sisi bado hatujui."

"Na tuta lisipoteleza? Watatucheka."

"Wacheke. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Lubbert, anayecheka yuko hai."

Akaweka rasimu katikati ya meza. Ilikuwa fupi. "Tuta la Roodeveen upande wa magharibi linaweza kuteleza. Hatuna uhakika, kwa sababu hatujui ufa umeshuka mpaka wapi. Hameni na mifugo yenu haraka iwezekanavyo, kabla ya kukamua jioni. Tutawaambia mrudi lini."

Kisha akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa kwenye meza ile. Akasema, "Kila mtu anaruhusiwa kuongeza neno. Lakini atakayeongeza neno, aandike jina lake kamili pembeni ya neno hilo. Barua itatoka hivyo hivyo, na majina. Ili Bi Geertje mwingine akitaka kuuliza, ajue amuulize nani."

Mtaalamu wa udongo alishika kalamu, akaiangalia, akairudisha mfukoni. Mwanasheria alikohoa. Huku kwetu mtu kukataa maoni ya mezani ni sawa na kumfungia mgeni mlango. Lakini Marrigje hakukataa. Aliwakaribisha, na majina yao.

Akainuka mmoja tu, Bwana Lubbert mwenyewe. Huyu huyu wa maelewano na paka. Akavuta rasimu, akakata maneno "haraka iwezekanavyo," akaandika neno moja, "leo." Pembeni akatia jina lake kamili.

"Alinitazama," Bwana Lubbert aliniambia, "akasema, 'Lo, Lubbert. Umenikamata.' Miaka yote ile ananisahihisha mimi. Siku hiyo moja nilimsahihisha yeye."

Barua ililetwa kwetu redioni saa sita mchana. Mimi ndiye niliyeisoma. Tangu nianze kazi hii nimesomea watu matangazo mengi ya ofisi, na mara nyingi nimesoma nikiomba asinipigie mtu simu kuniuliza nimesema nini. Marrigje aliniambia, "Krijn, soma kama ilivyo. Usiipambe." Nikasoma kama ilivyo, kila baada ya wimbo. Hameni leo. Hameni leo, kabla ya kukamua jioni. Na hakuna aliyepiga simu kuuliza. Barabara ya Roodeveen ilijaa matrela ya ng'ombe.

Watu wa ofisi ya maji walimwaga udongo mzito kwenye mguu wa tuta, wakapanga magunia ya mchanga, wakalimwagilia tuta maji mchana kutwa kama bustani ya maua. Kisha mvua ikanyesha. Watu wakarudi. Na tuta?

Tuta halikuteleza, wasikilizaji wapendwa. Halikuteleza. Labda kwa sababu walilizuia. Labda lisingeteleza kabisa. Hakuna anayejua mpaka leo. Lilijengwa upya, na ufa ukaondoka na udongo wake.

Hapo ndipo tabu ya Marrigje ilipoanza. Maana katika kuhamisha ng'ombe, mmoja wa Teunis, Klaartje, aliteleza kwenye ngazi ya trela akavunjika mguu. Ikabidi auawe. Na msidhani Klaartje alikuwa ng'ombe tu. Alikuwa akimfuata Teunis mpaka mlangoni. Wengine maziwa yalipungua, mmoja mimba ikamtoka. Yote kwa jambo ambalo halikutokea.

Ikaja siku ya kuzaliwa ya Bi Neeltje, mama yao, akiwa ajuza. Viti vimepangwa duara, ndugu wote wamebusiana mara tatu, keki inapita. Marrigje akaingia. Teunis akasema kwa sauti, "Mwekeeni dada kiti karibu na mlango. Tuta linaweza kuteleza. Hatuna uhakika."

Duara zima likacheka. Binamu mmoja akaongeza, "Mimi ng'ombe wangu nimewaacha kwenye trela kabisa, kwa usalama." Wakacheka tena. Marrigje naye akatabasamu, akala keki yake yote, akaaga vizuri. Fenna alikuwa anaendesha gari. "Tulipovuka daraja, mama alianza kulia. Sikuwahi kumwona analia. Alisema, 'Wamecheka wote, Fenna. Wote wako hai.' Sikujua kama anashukuru au anaumia. Nadhani vyote viwili."

Baada ya hapo simu ya zizini haikulia tena. Walipeana mikono siku za kuzaliwa. Walimzika mama yao pamoja, wakasimama upande mmoja wa kaburi. Lakini ripoti hakumsomea tena. Miaka ikapita hivyo. Mimi niliwaona kwenye mnada wa jibini, wamesimama mbali mbali, kila mmoja anajifanya anaonja. Nilitamani kuwasukuma kichwa kwa kichwa kama watoto.

Alistaafu. Mwaka jana wakati wa baridi tumbo likaanza kumsumbua. Akapimwa. Hospitali ikamwandikia barua. Fenna alikuwepo jikoni. Mama yake akaisoma, akavaa miwani, akaisoma tena. Kisha akafanya jambo ambalo Fenna hakulitarajia. Akainua simu akapiga zizini.

Teunis mwenyewe ndiye aliyenisimulia yaliyobaki, na alinisimulia akiwa amenipa mgongo.

"Nikasikia sauti yake. Hakusalimu. Akaanza kusoma kama zamani. 'Uchunguzi umeonyesha mabadiliko yanayoendana na ukuaji usio wa kawaida, na kwa kuzingatia kuenea kwake, matibabu yenye lengo la kuponya hayaonekani kuwa na nafasi kwa sasa.' Mimi nimeshika ndoo. Sikuelewa kitu. Au sikutaka. Nikamuuliza, 'Kwa hiyo?'"

"Akasema, 'Kwa hiyo nakufa, Teunis.'"

"Nikaweka ndoo chini. Nikamwambia, 'Nakuja.' Akaniuliza, 'Lini?'"

"Nikamwambia, 'Leo.'"

Nanyi mnatujua tulivyo. Huku kwetu kaka haji kwa dada yake bila kutazama kalenda. Tunaulizana, Alhamisi ya wiki ijayo unayo nafasi? Mfugaji ndiyo kabisa, wala haachi kukamua kwa harusi ya mwanawe. Teunis alimwita jirani amalizie ng'ombe. Alifika kwa dada yake kabla ya kukamua jioni, na mabuti ya zizini miguuni, akayavua kwenye zulia la mlangoni.

Fenna aliwawekea kahawa akatoka, lakini mlango haukufungwa vizuri, na mimi naushukuru mlango ule.

Teunis alisema, "Ile barua ya tuta. Niliielewa, unajua. Yote, mara moja. Ndiyo maana nilikasirika. Ungeandika kama wenzako, ningeiweka chini ya bakuli la matunda, na Klaartje angekuwa hai."

Marrigje akasema, "Au ungezama naye."

"Au tungezama wote," Teunis akasema. "Sijui. Hilo ndilo lililoniuma, dada. Kutojua."

"Nami sijui, Teunis. Niliandika hivyo. Sikujua. Nilijua tu kwamba wewe uko nyuma yake."

Fenna anasema hapo mjomba wake akauliza kopo la biskuti limefungwa kwa amri ya nani.

Alikuja kila siku tangu hapo. Alikamua, akaoga, akaja. Alikaa jikoni, akamenya viazi, na dada yake akamsomea kadi ya msiba wake aliyokuwa anaiandika yeye mwenyewe, maana hakumwamini mtu kuiandika. Rasimu ya kwanza Teunis aliikataa. Ilisema ameishi maisha yenye maana. "Kwa hiyo?" akamuuliza. Marrigje alicheka mpaka akashika ubavu, akafuta. Kadi iliyofika majumbani kwenu wiki hii ndiyo ile aliyoikubali kwa "Ehe." Ninayo hapa; siku na saa kajaza Teunis. "Nimekufa. Njooni Ijumaa saa nne, kanisa la Roodeveen. Tuta la magharibi liko imara, mnaweza kuegesha magari juu yake. Kahawa ipo. Kopo litaachwa wazi."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya stesheni hii natoa pole kwa Fenna, kwa jamaa wote wa Stolwijk, kwa Bwana Lubbert na kwa wote waliowahi kurudishiwa karatasi yenye wino wa kijani. Damu ni nzito kuliko maji, na sisi tunaoishi chini ya usawa wa maji tuna haki ya kulisema hilo. Tafakari basi, nawe, kuna barua gani umeiandika kwa kuzungukazunguka. Kuna nani nyuma ya tuta anayekungoja useme jambo lako waziwazi, na siku ya kulifanya.

Bwana Teunis, najua redio yako iko juu ya tangi la maziwa na unanisikiliza. Pole sana, ndugu yangu. Jirani yako ameniomba nikufikishie ujumbe, na ameniambia niusome kama ulivyo, nisiupambe. "Kesho asubuhi usikamue. Nitakamua mimi. Wewe nenda kwa dada yako."